Dirisha Lililopakia Kuni

Tangu tumzike Shangazi Riziki, sijapita mbele ya dirisha la chumba chake bila kuinama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa waliokaa. Dirisha lenyewe si kitu cha kutazamwa. Mbao mbili zilizopakwa rangi ya kijani ikababuka, nondo tatu, na kwa ndani, kwenye kizingiti, pana alama nyeusi inayong'aa pale alipokuwa akiegemeza kiwiko. Nimeitazama sana alama ile wiki hii. Wenzangu wananiambia lia umalize, na mie siwezi kulia mbele za watu, sijawahi kuweza; nikitaka kulia huandika. Kwa hiyo naandika. Nina miaka kumi na tisa, shule nimemaliza, nasubiri matokeo, na mwaka ninaotaka kuuandika ni ule niliokuwa kidato cha pili, nilipoletwa huku Wingwi kukaa na Shangazi alipokuwa kizuka, mjane aliye ndani ya eda.

Nililetwa kwa sababu mwanamke anayekaa eda haachwi peke yake, na Shangazi hakuwa na mtoto. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila udi wala hina, bila kuonana na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Nilikuwa na haya hata ya kuomba maji ya kunywa. Siku niliyofika alinitazama nimesimama mlangoni na mkoba wangu, akasema, "Ingia, Salma. Humu ndani aliyekatazwa kutoka ni mie, wewe hukukatazwa kuingia." Sikujua kama ni utani. Nikaingia. Chumba kilikuwa na kitanda cha besera, mkeka, sanduku la mbao, na nyuma ya mlango kofia ya Ami Kombo imetundikwa msumarini, ile ya jua, yenye jasho lake. Ami Kombo ndiye aliyekuwa mumewe. Kofia ile hakuna aliyeigusa mwaka mzima, na mie nilipokuwa nikifagia nilikuwa naufunga mlango polepole isije ikaanguka.

Walikuwa wakiuza kuni, yeye na mumewe. Ami Kombo akinunua miembe iliyoangushwa na upepo, mikarafuu iliyokufa, mifenesi mizee, anaikata na kuipeleka kwa wanaochemsha dagaa pwani na kwa wenye tanuri za mikate. Alikuwa na pikapu nyeupe na tela alilochomelewa na fundi wa mjini Chake, tela la tairi mbili, limezungushiwa vigingi vya chuma. Yeye ndiye aliyeendesha. Lakini kupakia, walipakia pamoja, na kila mtu huku alijua kwamba anayesema gogo hili likae wapi ni mkewe. Nyumba yao ipo juu ya kilima. Ukitoka uani unashika njia ya udongo mwekundu inayoteremka moja kwa moja mpaka bondeni, na katikati ya mteremko njia inakata kona juu ya korongo. Hapo ndipo alipofia Ami Kombo.

Habari ya kifo chake niliipata kwa Bi Chumu, jirani, bibi mwenye meno mawili na maneno elfu. Kila alasiri alikuja kukaa na kizuka, akavua viatu, akanyoosha miguu mkekani, akadai chai ya mchaichai "isiyokuwa na aibu ya sukari." Wiki ya kwanza, Shangazi akiwa anasali, mie na Bi Chumu tulikuwa jikoni tunaosha makopa ya muhogo, akanisimulia bila kuulizwa. Mzee Shaame wa bondeni alikuwa anaoza binti yake. Na huku, harusi ikikaribia, kila nyumba hutoa kuni za kupikia. Si lazima ziwe nyingi, gogo moja linatosha, lakini liwe lako na uliweke kwa mkono wako mwenyewe. Mtu akilishika gogo lako akalitoa pale ulipoliweka, ni kama amekwambia mchango wako hautakiwi. Siku hiyo kuni zilikusanywa hapa juu, kwa sababu tela lilikuwa hapa. Ami Kombo alipakia zake vizuri, akafunga kamba, akalifunga tela kwenye gari. Halafu watu wakaendelea kuja. Huyu na gogo lake, yule na lake, na nafasi iliyobaki ilikuwa nyuma tu, kwa hiyo kila mmoja akaweka nyuma. "Na yeye Kombo," Bi Chumu akasema, "alikuwa mtu wa haya. Atamwambia nani shusha? Kila aliyekuja kamshukuru, kamwombea dua. Kaondoka na dua za mtaa mzima mkiani."

Mkia ukiwa mzito kuliko kichwa, pale linapofungwa garini, tela hukinyanyua kitako cha gari. Nilikuja kulijua hilo baadaye. Kwenye uwanda hulioni. Kwenye mteremko tela linaanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, na ukikanyaga breki ndiyo unalipa nguvu ya kukusukuma. Kwenye kona lilimsukuma. Pikapu ikalala ubavu, tela likapinduka juu yake, na kuni za harusi zikamwagika korongoni. Bi Chumu akachambua kopa lililooza akalitupa. Kisha akasema kwa sauti ndogo neno ambalo sijalisahau: kwamba zile kuni watu walizipandisha kutoka korongoni mabegani, hakuna aliyethubutu kuzitia garini, na ndizo zilizopikia wali wa hitima yake. Zingepelekwa wapi? Zilikwisha tolewa kwa ajili ya sufuria kubwa.

Mpaka leo nafikiri juu ya wali ule. Mie sikuwapo, lakini naujua kama niliula. Naona watu wamekaa majamvini, wanapokezana sinia, na kila mmoja anajua gogo lake liko chini ya sufuria ipi. Hakuna aliyeua mtu. Hakuna wa kushtakiwa. Kila mmoja aliweka gogo moja tu, kwa nia njema, na akaenda zake nyumbani kufurahi.

Gari likanyooshwa, na aliyelichukua ni Faki, mdogo wake marehemu, kijana wa miaka ishirini na kitu, mcheshi mpaka msibani. Wateja wa pwani walikuwa wanataka kuni zao, na Shangazi hakuwa na chakula kingine ila biashara ile. Siku ya kwanza Faki alipoanza kupakia uani, tulikuwa chumbani, dirisha limerudishwa nusu. Shangazi alikuwa akishona upindo wa kanzu ya zamani. Gogo la kwanza likaanguka telani, duu. Akainua kichwa. La pili, duu. Akaweka sindano chini.

"Anapakia nyuma," akasema. Hakuwa ameona. Alikuwa amesikia tu linaangukia wapi.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mbichi chini, kavu juu. Na yale mazito yote yakae mbele ya tairi. Nyuma ya tairi atie vijiti tu."

Faki hakuwa maharimu wake, na Shangazi hakutaka kupaza sauti uani akiwa ndani ya eda. Kwa hiyo ilikuwa lazima niende mie, mie ambaye darasani mwalimu akiniuliza jibu nililolijua nilikuwa nakaa kimya mpaka aulizwe mwingine. Nikatoka. Walikuwa wanaume wawili, Faki na mpakizi wake, wamevua mashati. Nikawaangalia miguu.

"Shangazi anasema..."

"Anasema nini?" Faki akauliza. "Yakhe, nzi akipita hapa namsikia, huyu mtoto simsikii."

"Anasema mazito yakae mbele."

"Mbele wapi? Niyapakate?"

Mpakizi akacheka mpaka akakaa chini. Nikarudi ndani masikio yananiwaka moto. Shangazi alikuwa amesikia kila kitu, akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu nifike. "Rudi. Mwambie achekeshe akimaliza kupakia, ndiyo tutacheka wote. Sasa hivi akalijaribu. Tela bado hajalifunga kwenye gari?"

"Bado. Tairi zimekingwa mawe, kichwa kimekaa juu ya kigogo."

"Vyema. Mwambie akishike kichwa cha tela ajaribu kukinyanyua peke yake. Kikinyanyuka, mzigo si salama, aupange upya. Kisiponyanyuka, amwite mwenziwe. Wawili wakikinyanyua kwa taabu, hapo sawa."

Nikarudi, nikasema, safari hii nikimtazama mpaka kifuani. Faki akajifuta jasho, akamkonyeza mwenzake, akashika kichwa cha tela kwa mkono mmoja. Kikapanda juu kama mfuniko wa sufuria. Alibaki amekishika hewani, na nikaona uso wake unabadilika, maana sote watatu tulikuwa tunafikiria mteremko uleule. Akakirudisha polepole. "Haya, yakhe," akamwambia mwenzake, "tushushe." Wakashusha zote.

Kuanzia siku hiyo dirisha ndilo lililopakia kuni. Faki alikuwa akifika uani anapiga hodi kwa mbali, anaita, "Salma! Muulize bosi wako, mfenesi huu mbichi niulaze au niusimamishe?" Na Shangazi, kiwiko kizingitini, uso umegeuzwa asionekane, ananiambia mie, na mie namwambia Faki, ingawa wote wawili walikuwa wanasikiana waziwazi. Ulikuwa mchezo wa ajabu. Mambo aliyofundisha kwa mdomo wangu nayajua kwa moyo: kamba mbili zikate msalaba, na nyingine ipite nyuma, zikazwe, halafu gari likishakwenda kidogo lisimame zikazwe tena, kwa sababu kuni zikitikiswa hujipanga na kamba hulegea. Mnyororo upite chini ya kichwa cha tela, ili pini inayolifunga garini ikikatika tela lisije likaenda lake. Gea ndogo itiwe juu ya kilima, kabla ya kuanza kuteremka, si katikati. Na mtu asipande juu ya kuni, hata awe nani. Hilo la mwisho lilimpa Faki kazi kubwa, maana huku ukipita na gari wazee husimamisha, na wao hupenda kupanda juu wapate upepo. "Mie nawaambia bosi kakataza," alinisimulia. "Wananiuliza bosi gani. Nawaambia simjui sura, namjua dirisha."

Jioni, tulipokuwa tunakula, Shangazi aliniuliza mambo ya nje kama anayeuliza habari za nchi ya mbali. Gari lilichutama kidogo nyuma lilipotoka, au lilisimama wima? Likichutama kidogo ndiyo vizuri. Pini ililia? Hilo la pini aliliuliza kila siku, na mie nilidhani ni swali kama mengine. Alinieleza kwamba mzigo ukikaa sawa, kichwa cha tela hulalia gari na pini hunyamaza. Mkia ukizidi, kichwa huchezacheza na pini hugonga, ngwe, ngwe, ngwe. Tulikuwa tunakula muhogo na papa wa kuchoma, na aliposema "ngwe" alikuwa amelishika tonge, akaligongesha ukingoni mwa sahani. Halafu akalirudisha chini, hakula tena.

Sababu niliijua siku nyingine. Nilikuwa ukumbini nachagua mchele kwenye ungo, mlango wa chumba umerudishwa, na Bi Chumu yumo ndani. Sikukusudia kusikiliza. Nilisikia Shangazi anasema, "Niliisikia, Bi Chumu."

"Uliisikia nini, mwanangu?"

"Pini. Siku ile. Alipowasha gari tu nikaisikia inagonga. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikatoka mpaka pale mlangoni."

"Eh."

"Ua mzima wanaume. Mzee Shaame, na wazee wa msikitini, na vijana, wote wamesimama. Nikasema moyoni, nimwite vipi? Nimpigie mume wangu ukelele mbele ya wanaume wote hawa, nimwambie hujui kupakia? Nikaona haya. Nikasema, mwenyewe ataisikia. Nikarudi jikoni. Ugali ulikuwa unaungua."

Nilishika punje moja ya mchele, sikuiweka popote. Kisha Bi Chumu, ambaye siku zote ana neno, akasema tu, "Hebu nipe mkono wako," na sikusikia kingine. Niliendelea kuchagua mchele ule mpaka hapakuwa na kitu cha kuchagua. Mie haya nayajua. Nilikuwa nimekaa nayo miaka yote kama nguo ya ndani, nikidhani ni jambo langu mwenyewe, linaniumiza mie tu.

Eda ilikuwa imebakiza muda mchache Mzee Shaame alipokuja. Alisimama mbali na dirisha, fimbo mkononi, amekonda. Akaniita, "Mwanangu, mpelekee salamu zangu Bi Riziki. Mwambie harusi ya mwanangu niliisimamisha tangu msiba. Bila ruhusa yake sipigi hata kofi." Nilipoingia Shangazi alikuwa amekwisha sikia. "Mwambie amuoze mwanawe," akasema. "Binti wa watu amekaa vya kutosha. Na mwambie kuni zikusanywe hapahapa, kama desturi." Mzee Shaame alipolipata jibu alijifuta macho kwa kilemba, akaondoka bila kuaga.

Siku ya kuni, Faki alifika asubuhi. Alipakia kama alivyofundishwa, wakakinyanyua kichwa wawili kwa taabu, akafunga, akapitisha mnyororo, akakaza kamba. Shangazi alisikiliza yote kiwiko kizingitini, akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Basi tukadhani yamekwisha. Ndipo wakaanza kuja wa mwisho. Mama mmoja alimtuma mwanawe na gogo la mkarafuu. Wakaja ndugu wawili wa bwana harusi wamebeba shina zima la mwembe. Wanawake wakapiga vigelegele, ngoma ndogo ikaanza pembeni, na kila gogo likaenda nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kulikobaki. Akaja mzee wa makamo ya babu yangu, gogo la mfenesi begani, miguu inamtetemeka, akaliweka juu ya mengine kwa mikono yake miwili, akainua viganja akaomba dua. Ua mzima ukaitikia amina.

"Nenda," Shangazi akaniambia.

Nikaenda. Nilipita kati ya watu, ngoma inalia, nikasimama karibu na mlango wa gari. "Faki, Shangazi anasema..." Akainama kwenye dirisha la gari. Uso wake haukuwa na utani hata chembe.

"Nimeona, Salma. Nimeyaona yote. Sasa nifanye nini? Nimwambie yule mzee ashushe? Mbele ya watu?" Akatazama mbele. "Ntakwenda polepole. Mwambie ntakwenda polepole."

Akawasha gari. Likavuta hatua chache kuelekea mdomo wa njia, na nikaisikia, ngwe, ngwe, ndogo, katikati ya vigelegele. Sidhani kama kuna mwingine uani aliyeisikia. Nikageuka kutazama dirisha. Halikuwa na mtu.

Alitokea mlangoni. Nguo nyeupe, miguu mitupu, kanga nyeupe ameifunika kichwani na ncha yake ameibana kwa meno, yanaonekana macho tu. Kizuka, mbele ya wanaume wote wa mtaa. Akaiachia kanga menoni ili apate kusema, akaishika kwa mkono. Akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mwanamke yeyote wa kwetu.

"Faki! Zima gari!"

Ngoma ilikatika. Gari likazimwa. Watu waligeuza nyuso pembeni, wengine wakainama kabisa kutazama chini, kwa heshima, na kwa muda hapakuwa na mtu aliyejua pa kuweka macho. Yeye alikuwa anahema. "Yale ya nyuma yashushwe," akasema. "Kuni zenu zilipikia hitima ya mume wangu. Nilikula wali ule. Jamani, sitaki kuula tena."

Mzee Shaame ndiye aliyetikisika kwanza. Alilaza fimbo yake chini, akaenda nyuma ya tela, akalikumbatia lile gogo la mfenesi la yule mzee, akalitoa. Yule mzee mwenyewe akaenda akamshikia upande wa pili. Wakalibeba wawili mpaka mbele, polepole, kama wanaobeba mtu. Ndipo wengine wakafuata. Shangazi hakungoja kuona. Alikuwa amekwisha rudi ndani.

Nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea kitanda. "Waliniona uso?" akaniuliza.

"Hapana. Waliinama."

"Na sauti?"

"Sauti waliisikia mpaka pwani, Shangazi."

Nilidhani atacheka. Alizitia ncha za kanga mdomoni akalia, kilio cha chini, cha kujizuia, na katikati yake akawa anasema neno moja, analirudia, mpaka nikaling'amua. "Ilikuwa wapi?" alikuwa akisema. "Ilikuwa wapi sauti hii? Ilikuwa wapi?" Nilikaa karibu yake bega kwa bega. Huko nje tulisikia wanahangaika kupanga, Faki anasema "mbele, mbele zaidi," kisha gari likawashwa, likaondoka, na sote wawili tukatega masikio. Pini haikulia. Tulikaa vilevile mpaka ilipofika sauti ya vigelegele kutoka bondeni, mbali, ya kulipokea gari.

Maneno yalisemwa, bila shaka. Kisimani nilisikia mmoja akisema kizuka katoka nje, eda yake ina nini tena. Bi Chumu, aliyekuwa anajaza ndoo, akamwambia, "Wewe mumeo yuko hai kwa sababu hana gari." Shehe wa msikitini alipoulizwa alisema hapana neno, aliyetoka alitoka kuiokoa roho ya mtu. Eda ikaisha, Shangazi akaoga, akavaa kanga mpya, nikaishi naye mpaka mwisho wa mwaka, kisha nikarudi kwetu. Lakini kila likizo nilikuja, na kila nilipokuja nilikuta jambo moja. Alikuwa huru sasa kusimama uani na kusema na yeyote, na bado kuni zikipakiwa alikaa palepale dirishani. Na watu walikuwa wameibadilisha desturi bila mtu kuwaambia: kila aliyekuja na gogo lake la harusi au la msiba alisimama nalo, akageukia dirisha, akangoja kuambiwa aliweke wapi. Akiambiwa, aliliweka kwa mkono wake.

Kabla ya kufa aliugua siku chache tu. Mie nilifika akiwa bado ananijua. Hakuniambia maneno makubwa. Aliniuliza kama nimekula.

Mzee Shaame alikuja siku ileile ya maziko, anatembezwa na mjukuu, akasema hitima ya Bi Riziki itapikwa kwake bondeni, sufuria zote kubwa ziko kwake, na asingekubali jibu jingine. Kwa hiyo kuni zilikusanywa hapa juu, na zilikuwa za kuteremka njia ileile. Nilikuwa chumbani pamoja na wanawake. Bi Chumu alikuwa amelala kwenye mkeka, hasemi. Nikasikia tela linasogezwa, mawe yanawekwa kwenye tairi. Halafu sikusikia kitu. Nilingoja gogo la kwanza lianguke, halikuanguka. Kimya kilipozidi nikasimama nikachungulia.

Ua ulikuwa umejaa. Wanaume kwa vijana, kila mtu na gogo lake, wengine begani, wengine wamelikumbatia, wamesimama wametazama huku. Faki alikuwa kwenye kichwa cha tela, mkono mmoja juu yake, yeye peke yake ametazama chini. Hawakujua la kufanya. Wa mbele kabisa alikuwa kijana nisiyemjua, ameshika gogo la mwembe, mikono imeanza kumchoka, na hakuliweka.

Kiwiko changu kilikaa kwenye ile alama nyeusi kabla sijafikiri.

"La mwembe," nikasema, "mbele ya tairi. Chini kabisa."

Yule kijana alitega sikio. Hakuna aliyesogea. Faki akainua uso, na macho yake yalikuwa mekundu, na nadhani alitaka kufanya utani wake wa zamani, ukamkwama. "Sauti, Salma," akasema. "Huku hatusikii."

Nikashika nondo kwa mikono miwili. Nikapiga ukelele, sauti ikatoka imepasuka, ya kilio, lakini ikatoka, na nikaendelea kupiga, gogo hili huku, lile kule, kavu juu, kamba msalaba, kaza, kaza tena, mpaka wa mwisho akaweka lake kwa mkono wake. Wakakinyanyua kichwa wawili kwa taabu. Faki akafunga, akatia pini, akapitisha mnyororo. Gari likachutama kidogo, likavuta, likaingia njiani kwa gea ndogo. Nilifumba macho nikasikiliza mteremko mzima, mpaka kwenye kona, mpaka ng'ambo ya kona, mpaka mngurumo ukafifia bondeni. Pini haikulia hata mara moja. Nyuma yangu Bi Chumu akasema, "Imefika?" Nikamwambia imefika.